Mbuni wa Kilema

Wazee walisema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Neno hili latufaa sana tukizikumbuka habari za kahawa ya Kilimanjaro, kwa maana wageni walioileta walilishika jembe wenyewe. Lakini, ndugu msomaji, usidhani ya kuwa habari hii ni ya wageni peke yao.

Mwaka 1868 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliotoka Ufaransa, walijenga misioni Bagamoyo. Waliwakomboa watoto katika utumwa, wakawafundisha kusoma, kazi za mikono na kilimo. Mashambani mwao walijaribu mimea mingi ya nchi za mbali, na mmoja ulikuwa mbuni, yaani mti wa kahawa. Mwaka 1890 wakafika Kilimanjaro, wakajenga misioni ya Kilema, na kabla ya karne ile kwisha walikuwa wamepanda mibuni huko. Ikastawi, kwa kuwa udongo wa mlima ule una rutuba, mvua ni nyingi, na baridi yake ni ya kiasi.

Walakini mti ulio katika shamba la misioni ni mti wa misioni. Ulikuwaje mti wa watu?

Wachaga walijua kulima tangu zamani. Walikuwa wamechimba mifereji mirefu ya kuleta maji kutoka juu mlimani. Walifuga ng'ombe zizini, wakiwakatia majani, na samadi waliitia migombani. Basi walipoupokea mbuni hawakuikata migomba ili kuupa nafasi. Waliupanda katikati ya migomba, ndani ya kihamba, shamba ambalo mtu hulirithi kwa baba yake. Mgomba ukaupa mbuni kivuli, samadi ikailisha miti yote miwili, na watu hawakuacha chakula kwa kutafuta fedha. Mgeni alileta mbegu. Mwenyeji aliijulia mahali pake.

Kazi yenyewe si nyepesi. Mbuni hukaa miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vema. Huchumwa buni zilizoiva tu, nazo humenywa, huvundikwa, huoshwa, kisha huanikwa juani. Nyumba nzima hushiriki, mume, mke na watoto.

Baada ya vita ya 1914 hata 1918, nchi ilipokuwa chini ya Waingereza, mkuu wa wilaya, Charles Dundas, aliwahimiza Wachaga wapande kahawa. Masetla wakakasirika. Walisema kahawa ya Mwafrika italeta magonjwa mashambani mwao, tena wezi watapata njia ya kuuza kahawa ya wizi. Tena waliogopa neno jingine: mtu mwenye kahawa yake hana haja ya kwenda kuwa kibarua wa mwingine. Kenya wakati huo Waafrika walizuiliwa kuilima, wala hawakuanza kuruhusiwa mpaka miaka ya 1930.

Wachaga walijibuje? Mwaka 1925 waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association, na rais wake alikuwa Joseph Merinyo, Mchaga. Walishirikiana kupigana na wadudu waharibifu na kuuza kahawa yao pamoja. Hapo twaona faida ya mbegu ya pili, nayo ni shule. Misioni za Kikatoliki na za Kilutheri zilikuwa zimekwisha kulea vijana wajuao kuandika barua na kusoma mizani. Asiyejua hesabu hulima mwaka mzima, na mwenye kalamu ndiye avunaye.

Mwaka 1933 mahali pa chama kile pakashikwa na KNCU, muungano wa vyama vya ushirika. Lakini hata chama cha wakulima chaweza kumsahau mkulima. Watu walilazimishwa kuuza kahawa yao yote kwa njia ya muungano ule, na bei ilipokuwa duni, wengi waliona ya kuwa chombo chao kimekuwa cha serikali. Mwaka 1937 ghasia zikatokea. Watu wale hawakuichukia kahawa. Walichukizwa na kuamuliwa mambo ya jasho lao bila kuulizwa.

Basi mafunzo ni haya kwetu, walimu, wachungaji na wazee wa kanisa, tunaopenda kuwasaidia wakulima. Kuleta mbegu njema ni tendo la upendo, wala tusilidharau. Lakini kwanza tuketi na mwenye shamba tumwulize maji yake yatoka wapi na watoto wake wala nini. Kisha tumfundishe kusoma mizani, tukamwachie daftari mkononi mwake. Tusipofanya hivyo, mti utakuwa wetu daima, naye atakuwa kibarua katika kihamba cha baba yake.