Mtihani wa insha mtandaoni: Saa haimsubiri mtahiniwa

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

MTIHANI wa insha wa mtandaoni ni ule ambao mtahiniwa hupokea maswali kwa njia ya intaneti, huandika majibu kwa kompyuta na kuyawasilisha kabla ya muda uliopangwa kumalizika. Muda huo huhesabiwa na seva ya chuo, si na kompyuta ya mtahiniwa. Umeme ukikatika Mtaa wa Msimbazi, saa huendelea kwenda.

Kwa mkazi wa Kariakoo au mitaa iliyo jirani na bandari, hilo si jambo dogo. Wengi wanaosoma huku wakifanya kazi hujilipia ada wenyewe, na dakika chache zilizopotea zinaweza kumrudisha mtu nyuma mwaka mzima.

Mitihani ya vyuo vya mbali si migeni hapa. Oktoba 1961, chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kiliwafungulia mlango wanaosoma wakiwa majumbani na makazini. Janga la Uviko-19 lilipofunga vyumba vya mitihani mwaka 2020, vyuo vingi duniani, London kikiwamo, vilihamishia mitihani mtandaoni.

Saa ya wapi?

Kosa la kwanza la kuepuka ni la saa. Ratiba ikisema 14:00 kwa saa ya kimataifa (UTC), kwa Dar es Salaam ni 17:00, yaani saa 11 jioni. London hutofautiana nasi kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi. Mtahiniwa aandike saa ya Kiswahili pembeni mwa ratiba yake siku atakayoipokea.

Ajue pia aina ya mtihani. Upo ambao watahiniwa wote huanza pamoja, na upo unaofunguliwa kwa siku nzima, kila mmoja akianza kuhesabiwa muda pale anapoufungua. Huo wa pili usifunguliwe kwa kuchungulia tu.

Umeme, intaneti na kelele

Mkongo wa Seacom ulianza kazi Julai 2009, ukiiunganisha Dar es Salaam na dunia kupitia chini ya bahari. Lakini Mei 12, 2024, nyaya za Seacom na EASSy zilipopata hitilafu, huduma ilizorota nchini na katika nchi jirani. Ni busara kuwa na laini za mitandao miwili tofauti zenye vifurushi, kompyuta iliyojaa chaji, na LUKU iliyonunuliwa mapema.

Kelele za Kariakoo hazipungui kwa sababu ya mtihani. Mwenye ndugu au rafiki katika mtaa tulivu aombe chumba mapema, kisha akajaribu intaneti hapo siku iliyotangulia, kwa saa ileile ya mtihani.

Kugawa muda

Tuseme mtihani ni wa saa tatu na insha tatu zenye alama sawa. Zikitengwa dakika 15 za kuwasilisha, zinabaki 165, yaani 55 kwa kila insha: 10 za kupanga hoja, 40 za kuandika na 5 za kusahihisha. Mtahiniwa ajipime nyumbani anaweza kuchapa maneno mangapi kwa dakika 40. Hicho ndicho kipimo cha urefu wa insha yake.

Kitenzi cha swali kisomwe kwa makini. "Eleza" hutaka maelezo. "Linganisha" hutaka pande mbili. "Jadili" hutaka hoja, hoja pinzani na msimamo. Muda wa insha moja ukiisha, aende kwenye inayofuata. Insha tatu za wastani kwa kawaida hupata alama nyingi kuliko mbili nzuri na ukurasa mtupu.

Hata pale vitabu vinaporuhusiwa, asiyejiandaa atamaliza muda akipekua kurasa. Kunakili kazi ya mwingine, au kuwasilisha iliyoandikwa na akili mnemba bila ruhusa, kunaweza kufuta matokeo.

Mambo yakiharibika

Kazi ihifadhiwe kila baada ya dakika chache. Intaneti ikikatika, mtahiniwa apige picha ya skrini inayoonyesha saa, ahamie laini ya pili, na awaandikie wasimamizi papo hapo. Malalamiko yanayofika siku tatu baadaye, bila ushahidi, ni vigumu kusikilizwa.

Akishawasilisha, asifunge kompyuta kabla ya kuuona na kuuhifadhi uthibitisho wa kupokelewa. Bila huo, hana cha kuonyesha kuwa alifanya mtihani.