Hadithi na Ujifunzaji wa Lugha Ngeni: Funzo kutoka Historia ya Masasi na Newala

Katika mijadala ya ufundishaji wa lugha ngeni, matumizi ya hadithi darasani huelezwa mara nyingi kama mbinu mpya iliyozuka Marekani. Stephen Krashen, katika kitabu chake cha mwaka 1982, alidai kuwa mtu hupata lugha anapoelewa ujumbe uliozidi kidogo tu kiwango alichokifikia, wala si kwa kukariri kanuni. Baadaye Blaine Ray, mwalimu wa Kihispania, aliigeuza hoja hiyo kuwa utaratibu wa kufundisha kwa kusimulia. Makala hii inajadili kuwa kanuni ya ingizo linaloeleweka ilikuwa na mizizi yake Afrika Mashariki zaidi ya karne moja kabla ya kupewa jina. Historia ya Masasi na Newala inaonesha kuwa kilichopungua hapa nchini hakikuwa mbinu, bali usawa katika kuigawa.

Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa UMCA aliyefika Unguja mwaka 1864, alichapisha London vitabu viwili. Cha kwanza kilikuwa mwongozo wa sarufi ya Kiswahili. Cha pili, Swahili Tales, kilikuwa mkusanyo wa hadithi zilizosimuliwa na wenyeji wa Unguja, zikachapwa kwa Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mpangilio huo ulimwezesha mgeni kufuata kisa kirefu katika lugha asiyoijua bila kupoteza maana. Hivyo mgeni wa wakati huo alipewa kanuni za lugha na, papo hapo, lugha yenyewe ikiwa katika matumizi.

Miaka sita baadaye suala hilo lilihamia bara. Mwishoni mwa mwaka 1876 Steere, sasa akiwa askofu, aliongoza kutoka Lindi kundi la watu zaidi ya hamsini waliokombolewa utumwani. Nia ilikuwa kuwafikisha upande wa Ziwa Nyasa, lakini waliweka makazi Masasi. Kwa wengi wao Kiswahili hakikuwa lugha ya mama, bali walikipata Unguja wakiwa tayari na lugha nyingine. Majirani wao wapya walikuwa Wayao, Wamakua na Wamakonde. Misheni ilizishughulikia lugha hizo pia: Steere alichapisha maelezo ya Kiyao mwaka 1871 na ya Kimakonde mwaka 1876, naye Chauncy Maples akachapisha ya Kimakua mwaka 1879. Ni muhimu kulikumbuka jambo hili, kwa kuwa katika eneo hilo Kiswahili chenyewe kilianza kama lugha ya kujifunza.

Ushahidi wa namna wageni wa Kiswahili walivyokimudu unapatikana katika kitabu Kiungani, kilichotolewa na A. C. Madan mwaka 1887. Ndani yake wanafunzi wa misheni huko Unguja, waliotoka katika makabila mbalimbali ya bara, wanasimulia maisha yao, namna walivyotekwa na safari zao. Madan alizitafsiri habari hizo kwa Kiingereza kutoka Kiswahili. Si rahisi kuamini kuwa umilisi wa kiwango hicho ulitokana na majedwali ya ngeli peke yake. Vijana hao waliishi ndani ya lugha, wakaisikia kila siku katika mambo waliyoyaelewa, ndipo wakasimulia. Katika mazingira hayohayo ya Kiungani alisoma Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani, ambaye baadaye alihudumu Chitangali na kupewa upadri mwaka 1890.

Mfano wa ngano inayojulikana sana katika ukanda huu unaeleza kwa nini hadithi hufundisha. Wanyama wanachimba kisima, sungura anakataa kushiriki, kisha anakuja kuiba maji. Kila mnyama anawekwa lindoni kwa zamu. Kila mmoja anadanganywa, mpaka zamu ya kobe inapofika. Fisi akaketi, akamwona, akamwuliza. Tembo akaketi, akamwona, akamwuliza. Msikilizaji anakutana na kiambishi -ka- mara nyingi pasipo kuelezwa dhima yake, na kwa kuwa tukio ni lilelile, jina jipya moja tu ndilo linalomtaka ajitahidi. Wimbo unaorudiwa humpa nafasi ya kutamka kabla hajaweza kutunga sentensi yake. Hiki ndicho kiwango kinachozidi kidogo alichonacho mjifunzaji.

Hata hivyo, urithi huo haukuingia ipasavyo katika ufundishaji wa Kiingereza. Kuanzia mwaka 1967 Kiswahili kilithibitishwa kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi, huku Kiingereza kikibaki sekondari. Mwaka 1984 ripoti ya Criper na Dodd ilibainisha kuwa wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo yao. Mradi uliofuata kwa msaada wa Uingereza ulisambaza shuleni vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa kwa ngazi. Huo ulikuwa utambuzi, ingawa wa kuchelewa, kwamba mjifunzaji anahitaji wingi wa lugha anayoielewa. Kwa mtoto wa Makote au Kitangari, ambaye nyumbani anazungumza Kimakonde na shuleni Kiswahili, Kiingereza ni lugha ya tatu. Asipoielewa, anachokosa si somo moja, bali pia baiolojia, jiografia na hesabu.

Hoja hii haimaanishi kuwa sarufi iachwe, Steere hakuiacha. Aidha, usimulizi humtaka mwalimu awe na lugha ya kutosha kusimulia, na sharti hilo haliwezi kutimizwa kwa waraka bila mafunzo. Lakini mwalimu wa Newala anayesimulia kisa cha kisima kwa Kiingereza chepesi ana faida kubwa: wanafunzi wake wanakijua kisa tayari, na nusu ya kazi ya kueleweka imekwisha kufanywa na bibi zao. Mgeni wa mwaka 1870 alipewa sarufi na hadithi kwa pamoja. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anastahili kupewa vyote viwili.