Vipimo vya Baiskeli

Tarehe 7 Julai 1933, katika uwanja wa mbio jijini Paris, Mfaransa Francis Faure aliendesha baiskeli kwa saa moja akiwa ameegemea nyuma, miguu imenyooshwa mbele, kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha kupumzikia. Alimaliza kilomita 45.055. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Mswisi Oscar Egg, kilomita 44.247, na ilikuwa imesimama tangu 1914. Faure hakuwa nyota wa mbio hizo. Swali likazuka: ameshinda yeye, au imeshinda baiskeli?

Baiskeli hiyo ilitengenezwa na Charles Mochet. Awali alikuwa amemuundia mwanawe kigari cha pedeli chenye magurudumu manne, kisha akaunda cha watu wazima, na mwishowe akakigawa nusu akapata baiskeli ya kulalia. Hapakuwa na uchawi. Mwendo ukishakuwa mkali, nguvu nyingi za mwendeshaji huishia kwenye kupambana na upepo, na mtu aliyelala huuachia upepo sehemu ndogo ya kugonga.

Mwezi uliofuata Maurice Richard, juu ya baiskeli ya kawaida, alifikisha kilomita 44.777. Chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, UCI, kikawa na rekodi mbili mezani. Mwaka 1934 kiliamua kwa njia ambayo sisi wanafunzi wa historia tunaifahamu vizuri: kiliandika maana. Kilitaja mahali pedeli zinapopaswa kukaa zikilinganishwa na kiti, na chochote kilicho nje ya vipimo hivyo hakikuwa baiskeli ya mbio. Richard akabaki kwenye daftari. Faure akawekwa pembeni, na Mochet akafariki mwaka huohuo.

Waliopenda baiskeli za namna hiyo walijitafutia pa kukutania. Mwaka 1976 Marekani ikapata chama cha vyombo vinavyoendeshwa kwa nguvu za binadamu, na tangu 1996 Ujerumani imekuwa na maonyesho ya wikiendi yaitwayo Spezi, yaliyoanzia mji wa Germersheim. Watu huja na baiskeli za kulalia, za magurudumu matatu, za kukunja, za kupedeli kwa mikono. Wanabadilishana, wanajaribu, wanabishana kuhusu cheni. Mwaka 2016, huko Nevada, Todd Reichert alifikisha kilomita 144.17 kwa saa akiwa amelala ndani ya chombo cha aina hiyo, bila injini. Katika daftari la UCI hilo si jambo la baiskeli.

Nilikutana na kisa hiki nikitafuta kitu kingine. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu usafiri wa Mpanda, na kwenye nyaraka Mpanda ni mji wa reli. Njia ya kutoka Kaliua ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi. Tani zimeandikwa, mabehewa yameandikwa, mishahara ya wazungu imeandikwa. Kilichoufikisha mchele wa Mwamkulu na Kakese sokoni hakijaandikwa. Wala kilichobeba mihogo ya Katumba, makazi yaliyoanzishwa miaka ya 1970 kwa wakimbizi waliokimbia mauaji ya 1972 nchini Burundi. Ukimuuliza mtu yeyote mwenye umri wa kutosha atakujibu bila kufikiri: baiskeli.

Lakini si ile iliyotoka kiwandani. Nilikaa Jumamosi kadhaa kwa fundi mmoja wa Kawajense, mzee niliyemwamkia shikamoo kila asubuhi naye akaniitikia marahaba mwanangu bila kuinua macho kwenye rimu. Zilizoletwa kwake zilikuwa Phoenix za Uchina, baiskeli za Kihindi, na siku moja fremu ya Swala, ile iliyotengenezwa Dar es Salaam enzi za viwanda vya umma. Hakuna iliyotoka kama ilivyoingia. Keria ya asili ilikatwa, ikachomelewa ya nondo inayoweza kubeba magunia mawili ya mkaa. Foku iliongezewa vyuma viwili kutoka ekseli hadi chini ya usukani, isije ikapinda kwenye makorongo. Nyingine ilifungwa mti kwenye usukani, kwa sababu mwenyewe haipandi kabisa. Anaisukuma akitembea pembeni, na mti ndio unaompa uwezo wa kukata kona. Pembeni ilisubiri ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, kiti chake kikiwa kimeongezewa sanduku la biashara.

Kwa vipimo vya 1934, sina hakika ni ngapi kati ya hizo zingepita.

Sitaki kuifanya Kawajense kuwa Germersheim. Kule mtu anachagua kuwa tofauti, na Jumapili jioni anarudi nyumbani na baiskeli yake kwenye gari. Hapa umbo linaamuliwa na gunia, na mtu anayesukuma mkaa kupanda kilima hana hobi, ana ada ya shule ya kulipa. Fundi mwenyewe aliniambia kwamba akipata fedha atanunua pikipiki. Wateja wake wengi wameshanunua. Kila mwaka mlundo wa fremu zisizodaiwa nyuma ya kibanda chake unapanda, na wauza vyuma chakavu wanapita.

Hapo ndipo ninapoona hatari. Mochet alishindwa, lakini alishindwa kwa maandishi, na ndiyo maana mwanafunzi wa Mpanda anaweza kumsoma zaidi ya miaka tisini baadaye. Goma, upande wa pili wa Ziwa Tanganyika na mbali zaidi kaskazini, wana chukudu, chombo cha mbao cha kubebea mizigo, na wamekijengea sanamu. Dar es Salaam wana guta, na jina peke yake limetosha kulihifadhi. Baiskeli ya Mpanda iliyochomelewa nondo haina hata jina. Inaitwa baiskeli ya mzigo, kana kwamba ilizaliwa hivyo. Ikipimwa kwa kilo na kupelekwa kuyeyushwa, zinakwenda nayo akili za mafundi wa miaka hamsini.

Mwalimu mmoja aliniuliza kama kupima keria ni historia. Nilimjibu kwamba tani za risasi nazo zilipimwa na mtu, na leo tunaziita chanzo. Kwa hiyo nimenunua futi kamba. Kwa kila fremu ninaandika urefu wa keria, unene wa nondo, umbali wa mti kutoka kwenye usukani, mwaka mwenyewe anaoukumbuka, na mzigo. Mpaka sasa nina baiskeli thelathini na moja. Fundi amezoea, siku hizi fremu ikija usiku huiweka kando, na haigusi mpaka nifike na daftari.