Kutoka albamu ya picha hadi DVD ya familia

Msikilizaji wetu mmoja wa Lemara alifika hapa studio akiwa na bahasha ya kaki yenye picha 43. Nyingi ni za rangi, na rangi yenyewe imeanza kukimbia, nyuso zimebaki nyekundu-nyekundu. Chache ni nyeusi na nyeupe, zile zenye ukingo uliokatwa kama mawimbi. Desemba ukoo wote unarudi nyumbani, bibi yao anatimiza miaka 80, na yeye ametumwa atengeneze DVD ya picha na nyimbo ili watu waitazame sebuleni baada ya chakula. Alitaka kujua aanzie wapi. Tukamuuliza: hawa watu wa kwenye picha, nani anawajua? Akasema, bibi peke yake.

Si yeye wa kwanza kutuletea swali hili, ndiyo maana tumeliandika hapa badala ya kulijibu hewani tu. Hewani maneno yanapita, lakini hapa unaweza kurudi ukasoma tena siku ya kazi.

Anza na majina, mashine baadaye

Wengi huanza kwa kukimbilia steshenari kuskani. Sisi tunashauri uanze na mzee. Kaa naye mchana, karibu na mlango penye mwanga, mwonyeshe picha moja moja, na simu iwe pembeni inarekodi sauti. Muulize ni nani, ni wapi, nani alipiga picha, na siku hiyo kulikuwa na nini. Wazee wengi hawakumbuki mwaka kwa tarakimu, kwa hiyo uliza kwa matukio: kabla ya Uhuru wa 1961 au baada? Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limetangazwa? Ilikuwa kabla ya vita vya Kagera, 1978 na 1979? Mwalimu alikuwa ameng'atuka, 1985? Ukipata matukio mawili, moja la kabla na moja la baada, umeshaukaribia mwaka. Geuza na nyuma ya picha pia. Studio nyingi za zamani zilikuwa zikigonga muhuri wa jina na mji, na mara nyingine tarehe.

Mzee aongee lugha yake. Kama ni Kimeru, Kiarusha au Kimaasai, mwache, usimkatize kumtafsiria mjukuu. Hiyo sauti utaitumia baadaye ndani ya filamu, na tunasema kama watu wa redio: sauti ya bibi akicheka huku anamtaja shemeji yake inashinda wimbo wowote utakaouweka.

Kila picha ipe namba nyuma, kwa penseli laini na bila kukandamiza. Kalamu ya wino usitumie. Wino unapenya au unahamia kwenye uso wa picha iliyo chini yake, na alama ya ncha inaonekana mbele.

Halafu kuna jambo ambalo watu hulikwepa. Familia nyingi za kwetu zina mama zaidi ya mmoja, na picha hazikugawanywa sawa: nyumba moja ilikuwa karibu na mjini ikapiga picha, nyingine haikupiga. Ukitengeneza filamu kutoka albamu moja tu, siku ya kuonyesha kuna watoto wa mzee watakaokaa saa nzima wasimwone mama yao hata mara moja. Zunguka nyumba zote kabla hujaanza. Kama mama mkubwa alibaki na picha moja tu ya kitambulisho, hiyo hiyo iingie, na ikae kwenye kioo muda mrefu kuliko nyingine. Vilevile ulizia picha za waliotengana na za watoto ambao sasa ni watu wazima. Kuna mtu hataki ile picha yake ya bafu la karai ionekane mbele ya wakwe, na ana haki.

Kuzihamisha picha

Njia bora ni skana bapa, ile ya kufunika kama kitabu, ambayo steshenari nyingi za mjini wanayo. Waambie waskani kwa rangi, hata zile nyeusi na nyeupe, kwa kipimo cha nukta 300 kwa inchi au zaidi. Picha ya kawaida ya inchi 6 kwa 4, kwa nukta 300, inakupa nukta 1800 kwa 1200. DVD ya mfumo wetu inaonyesha nukta 720 kwa 576 tu, kwa hiyo 300 inatosha na kubaki. Lakini kwa kuwa umeshafunga safari na umeshalipa, omba 600: siku moja mtataka kuchapa picha kubwa ya ukutani. Picha ndogo za pasipoti ziskaniwe kwa 600 bila mjadala. Kama una negativu, usiitupe hata kama picha yake ipo. Negativu ndiyo picha yenyewe, nayo huwa na maelezo mengi kuliko karatasi, ila inahitaji skana yenye taa ya kupitisha mwanga.

Kama uko mbali na mjini, simu itafanya kazi. Futa lenzi kwa kitambaa safi. Laza picha juu ya kitambaa cheusi, nje, kwenye kivuli cha ukuta au baraza, si chini ya mti ambao majani yanapitisha madoa ya jua. Zima taa ya simu. Simama juu yake simu ikiwa bapa kabisa, isiinamie upande, la sivyo picha ya mraba itatoka kama sufuria iliyobonyea. Picha ikiwa inang'aa, sogea wewe ubadilishe upande, au mwombe mtu ashike kanga nyeusi nyuma yako kuzuia mwangaza. Programu ya PhotoScan ya Google hupiga picha kadhaa na kuziunganisha ili kuondoa mng'ao. Ni ya bure na tumeiona inasaidia.

Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiing'oe. Uso wake utabaki kwenye kioo. Iskani au ipige ikiwa hapo hapo na kioo chake. Zile albamu zenye kurasa za gundi na karatasi ya plastiki juu zina shida yake: gundi imekauka. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya picha, taratibu, kama unayekata ugali kwa uzi. Ikikataa, iache, piga ukurasa mzima.

Kosa tunaloliona kila wiki ni kutuma picha kwa WhatsApp kama picha za kawaida. WhatsApp hupunguza ukubwa ili kuokoa bando, na ukituma kwa shangazi, shangazi akatuma kwa kaka, kinachofika ni ukungu. Tuma kama dokumenti, au peleka flashi mkono kwa mkono. Majina ya mafaili yaanze na namba, mfano 001-babu-Tengeru-1974, ili kompyuta iyapange yenyewe.

Kuipanga filamu

Hesabu ni rahisi. Picha moja ikikaa sekunde 6, wimbo wa dakika 5 unabeba picha 50. Yenye watu wengi ipe sekunde 8 au 10, maana watazamaji wataanza kuulizana huyu ni nani. Filamu ya dakika 10 hadi 15 inatosha. Tumewahi kukaa kwenye ya dakika 50, na ilipofika nusu watoto walikuwa wameshatoka nje na wazee wamesinzia.

Kwenye simu, CapCut inaweza kupanga picha, kuweka maandishi na sauti. Kwenye kompyuta zipo nyingi, na ile Movie Maker ya zamani ya Windows bado iko kwenye mashine za watu ingawa Microsoft waliacha kuitoa Januari 2017. Yoyote utakayotumia, jizuie na mapambo. Picha inayozunguka, inayopasuka kama kioo, inayodondoka kama maua, mara ya tatu inachosha. Kuisogeza picha polepole kuelekea uso wa mtu kunatosha. Maandishi yawe makubwa, meupe yenye kivuli, na yasikae pembezoni kabisa, kwa sababu televisheni nyingi za zamani hukata kingo za picha. Weka jina kamili na uhusiano: si "babu" tu, maana babu wa nani?

Hifadhi kazi yako kila baada ya dakika chache. Umeme hauagi.

Muziki na sauti

Rekodi sauti kwenye chumba chenye godoro na mapazia, si kwenye sebule tupu inayorudisha mwangwi. Simu iwe umbali wa shibiri moja na mdomo, pembeni kidogo, ili pumzi isigonge. Jogoo, pikipiki na redio ya jirani (hata kama ni sisi) visubiri. Mtu anapoongea, muziki ushuke mpaka uwe kama uko chumba cha pili.

Kaseti za kwaya ya zamani zinaweza kuhamishwa. Unahitaji waya wenye pini ndogo pande zote mbili, kutoka tundu la hedifoni la redio kaseti hadi tundu la kuingizia sauti la kompyuta, na programu ya bure ya Audacity. Safisha kichwa cha redio kwa pamba yenye spiriti kwanza, na sauti ya redio iwe katikati, maana ikizidi itakwaruza na hakuna dawa.

Kuhusu nyimbo za wasanii: Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Kutazama sebuleni na ndugu zako ni jambo moja. Kuuza nakala, kuonyesha ukumbini kwa kiingilio au kurusha hewani ni jambo jingine, huko unahitaji ruhusa ya mwenye wimbo. Na ukiipandisha YouTube, mashine yao inautambua wimbo na inaweza kuzima sauti au kuzuia video nzima. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ni nzuri zaidi, tunapendelea familia iimbe yenyewe.

Kuchoma diski

Hapa ndipo mmoja wetu aliumbuka. Siku ya kipaimara cha mpwa wake aliweka diski kwenye deki mbele ya wageni, deki ikazunguka, ikagoma. Kompyuta ilikuwa inaisoma vizuri. Fundi alikuwa ameibandika faili ya video kwenye diski kama anayeweka kwenye flashi. Hiyo ni diski ya data. Deki nyingi za zamani zinataka DVD ya video, iliyopangwa kwa mfumo wake, ambayo ukiifungua kwenye kompyuta unakuta folda iitwayo VIDEO_TS. Programu ya bure ya DVDStyler inatengeneza hiyo. Ukimpa fundi, mwambie kwa maneno haya: nataka DVD ya video, mfumo wa PAL, ifungwe kabisa mwishoni. Na kabla hujalipa, ijaribuni kwenye deki, si kwenye kompyuta. Kama kuna ndugu Marekani, kule wanatumia NTSC, na deki zao nyingi zitaikataa PAL. Huyo mtumie faili.

Diski ya kawaida ina gigabaiti 4.7, yaani kama saa moja ya video safi, au mbili zikibanwa. Chagua DVD-R kwa deki za zamani, na mwendo wa kuchoma uwe mdogo, 4 au 8, si 16. Andika juu kwa kalamu ya diski yenye ncha laini, usibandike karatasi, maana ikikunjamana diski inayumba.

Tuseme ukweli: deki zinaondoka, na kompyuta mpakato mpya nyingi hazina tena tundu la diski. Bado tunaitetea DVD kwa sebule ya bibi, ambako deki ipo na mjukuu hawezi kuifuta kwa bahati mbaya kama kwenye simu. Lakini isiwe nakala pekee. Choma mbili, weka moja kwa bibi na moja nyumba nyingine kabisa, na picha zote za asili pamoja na sauti ziende kwenye flashi mbili. Diski za kuchoma nyumbani huharibika kwa jua na joto, kwa hiyo zisikae juu ya televisheni wala dirishani. Picha za karatasi zirudi kwa mwenyewe, zikiwa kavu, ndani ya bahasha, mbali na sakafu hasa wakati wa masika.

Yule wa Lemara amesharudi mara mbili. Katika picha 43, bibi ametaja watu wa picha 38. Tano zilizobaki ameagiza zipelekwe Usa River, kwa mwenzake waliyeimba naye kwaya moja, na zipelekwe wiki hii.