Dhoruba Zilizopimwa Kutoka Nchi Kavu

Katika mialo ya Suguti, kusini mwa mji wa Musoma, dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipokuwapo. Karabai, na siku hizi taa za sola, huwashwa juu ya maji ili dagaa wakusanyike wazungushiwe wavu. Saa hizohizo ndipo Ziwa Victoria hufumua dhoruba zake. Utafiti ulichelewa kuliona hilo kwa sababu kwa miongo mingi ziwa lilipimwa kutoka ufukweni. Huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1929, na vipimamvua vikawekwa penye watu wa kuvisoma. Musoma hupata chini ya nusu ya mvua ya Bukoba, iliyo ng'ambo ya magharibi. Anayetazama daftari la vipimamvua hivyo tu atadhani mwambao huu ni mkavu na salama. Kumbe upepo wa mashariki huyasukuma mawingu magharibi, yakamwage maji na radi mbali na kipimo chochote. Mwaka 1966 wanasayansi wa hali ya hewa Flohn na Fraedrich walieleza mzunguko huo: mchana upepo hutoka ziwani na mvua hunyesha bara, usiku ardhi hupoa, maji hubaki na joto, na pepo za pande zote hukutana ziwani. Ilibidi kungoja setilaiti, na kazi ya mtafiti Wim Thiery na wenzake ya mwaka 2016, kuonyesha kwamba ngurumo za alasiri bara hutabiri dhoruba za usiku ziwani. Onyo linaweza kutoka kabla mtumbwi haujasukumwa majini.

Wapo watakaosema wavuvi walizijua dalili tangu zamani. Ni kweli, lakini wingu likionekana kutoka mtumbwini, mara nyingi muda wa kurudi umekwisha. Hoja nzito zaidi ni ya njaa: usiku wa giza haupatikani mwezi mzima, na kuacha kuvua ni kukosa chakula, na tangazo la dhoruba katika ziwa la kilomita za mraba 68,800 halimwambii mtu wa Suguti kama ni kwake au Bukoba. Ndiyo maana mradi wa HIGHWAY, ulioanza mwaka 2017 ukiunganisha mamlaka za hali ya hewa za kanda, ulikuwa na thamani: utabiri uligawanywa kwa sehemu za ziwa. Kinachobaki nyuma ni hesabu ya waliokufa. Vifo 3,000 hadi 5,000 kwa mwaka vinavyotajwa ni makadirio tu, na bila daftari la kila mwalo hatuwezi kujua onyo gani liliokoa nani.