Mimea ya mapambo ifaayo bustani za Eastlands

Nairobi imesifiwa kwa miaka mingi kuwa jiji la kijani penye jua, lakini ardhi yake si ya namna moja. Maeneo ya magharibi kama Karen na Kilimani yana udongo mwekundu unaopitisha maji upesi, na viwanja vyake vimekuwa vikubwa tangu jadi. Mitaa ya Eastlands iko kwenye tambarare ya chini, mvua yake ni haba zaidi, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Kwa sababu hiyo, mmea unaopendeza Karen huenda ukanyauka Umoja, au ukastawi kupita kiasi na kumletea mwenye nyumba hasara.

Waliopanga mitaa hii hawakusahau bustani. Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, ulifuata fikra za Mwingereza Ebenezer Howard, ambaye mwaka 1898 alipendekeza miji ambayo nyumba zake zimezungukwa na nafasi za kijani. Nyumba za Buruburu, mtaa ulioanza kujengwa katika miaka ya 1970, nazo ziliachiwa vipande vya bustani. Tangu wakati huo maduka, vyumba vya kupangisha na ghorofa vimemeza sehemu kubwa ya nafasi hiyo. Kilichosalia kwa familia nyingi ni ukanda mwembamba kati ya nyumba na lango, ambamo pengine hupita bomba la maji taka na watoto huchezea papo hapo. Mmea wa mapambo sharti uchaguliwe kwa kuzingatia ukanda huo kwanza, na rangi ya maua baadaye.

Udongo

Udongo mweusi hufura unaponyeshewa na kupasuka nyufa unapokauka. Anayechimba shimo na kulijaza udongo mzuri hujidanganya, kwa kuwa shimo hilo hugeuka beseni wakati wa mvua na mizizi huoza. Njia iliyo bora ni kuinua tuta, kuchanganya udongo uliopo na samadi iliyooza vizuri, na kulitenga tuta na ukuta wa nyumba ili unyevu usipenye. Wakati mwafaka wa kupanda ni mwanzo wa mvua za masika, mwezi Machi, au za vuli, mwezi Oktoba.

Miti

Mjakaranda, ambao asili yake ni Amerika Kusini, huifunika Nairobi kwa maua ya zambarau kati ya Septemba na Novemba. Hata hivyo, hurefuka kupita mita 10. Kifabakazi, mti wa Kiafrika wenye maua mekundu kama moto, nao hukua mkubwa na matawi yake huvunjika kwa urahisi kwenye upepo. Mahali pa miti hiyo ni viwanja vya shule, makanisa, misikiti na kumbi za jamii. Anayetaka kuipanda kando ya barabara ya umma yafaa aombe kwanza idhini ya Serikali ya Kaunti, iliyorithi kazi za Baraza la Jiji mwaka 2013.

Hatari kubwa zaidi ni fikasi, mti wa majani yanayong'aa unaouzwa ukiwa mdogo ndani ya chungu. Ukipandwa ardhini, mizizi yake hufuata maji hadi kwenye viungo vya mabomba ya maji taka na kuyaziba. Isitoshe, mti wowote mkubwa hufyonza maji ya udongo mweusi wakati wa kiangazi. Udongo hunywea, msingi hutitia na kuta hupata nyufa. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kuuweka mti mbali na nyumba kwa umbali usiopungua urefu utakaofikia ukikomaa.

Penye nafasi ndogo, mti unaofaa ni kalistemoni kutoka Australia, wenye maua mekundu mfano wa brashi ya kuoshea chupa. Huvumilia udongo mzito na ukame, na ndege aina ya chozi huufuata kwa ajili ya nekta.

Maua

Bogenvilia hupenda jua kali na huchanua zaidi inapopewa maji kidogo, jambo la faraja katika mitaa yenye mgao wa maji. Miiba yake huimarisha ua wa boma. Sehemu zake za rangi si maua bali ni majani yaliyogeuka. Ua lenyewe ni dogo, jeupe, lililo katikati. Jina lake linatokana na baharia Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville, ambaye msafara wake uliukuta mmea huo Brazil mwaka 1767.

Kana hustahimili hata sehemu inayotuama maji wakati wa masika. Jeraniamu, yenye asili ya Afrika Kusini, hutosheka na mkebe kwenye roshani za ghorofa.

Kangaga

Kangaga halitoi ua wala mbegu; huzaana kwa chembe laini kama vumbi zilizo chini ya majani yake. Huhitaji kivuli na unyevu, hivyo liwekwe barazani, ndani ya ndoo iliyotobolewa chini. Maji ya kusuuzia nguo yanafaa kulinywesha, mradi hayana dawa ya kung'arisha.

Mimea ya sumu

Baadhi ya mimea inayouzwa kandokando ya barabara ni ya hatari. Olianda, ya waridi na ya manjano, ina sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Vivyo hivyo, ua linaloning'inia kama tarumbeta huweza kumtia mtu wazimu wa muda au kumwua. Diefenbakia, yenye majani mapana ya madoa meupe, huvimbisha ulimi na koo ikitafunwa. Utomvu wa mnyaa, unaopandwa kama ua, hudhuru macho.

Nyumba yenye watoto wadogo heri ikose mimea hiyo kabisa. Utomvu ukiingia jichoni, lisafishwe kwa maji mengi safi, kisha aliyeathirika apelekwe hospitalini. Mtoto akila sehemu yoyote ya mmea wa sumu, akimbizwe hospitalini bila kungojea dalili, na jani la mmea huo libebwe ili daktari autambue.