Asilimia Kumi ya Nini? Matumizi ya Serikali katika Elimu ya Awali, Tanzania na Kenya

Azimio la Tashkent, lililopitishwa Novemba 2022 katika mkutano wa UNESCO kuhusu malezi na elimu ya utotoni, linazitaka serikali zitenge angalau asilimia 10 ya matumizi yao ya elimu kwa ajili ya elimu ya awali, kiwango ambacho UNICEF ilikwisha kukipendekeza mwaka 2019. Manufaa ya miaka inayotangulia darasa la kwanza hayabishaniwi tena na wataalamu. Kinachostahili kubishaniwa ni kipimo chenyewe. Makala haya yanadai kwamba asilimia hiyo, ikitumiwa kulinganisha Tanzania na Kenya, hupima namna vitabu vya bajeti vilivyopangwa, na juhudi ya serikali huipima kwa nadra tu.

Nchini Kenya, Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 liliikabidhi elimu ya chekechea kwa serikali za kaunti, ambazo zilianza kazi mwaka 2013. Anayeisoma bajeti ya wizara ya elimu ya taifa peke yake atahitimisha kwamba Kenya haitumii karibu chochote, ilhali madarasa na mishahara hulipiwa na kaunti 47, tena mara nyingi chini ya idara moja na vyuo vya ufundi. Nchini Tanzania fedha hazikuhama, bali zimefichwa: darasa la awali limo ndani ya shule ya msingi, mwalimu wake hulipwa kutoka orodha ileile ya watumishi wa umma, na kutenganisha sehemu yake ya mshahara ni kazi ya kukadiria.

Ushahidi wenye uzito zaidi unatokana na yaliyotokea Tanzania baada ya Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, uliofuta ada na michango ya lazima kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, ambayo nayo ilikuwa imeifanya elimu ya awali isiyopungua mwaka mmoja kuwa ya lazima. Uandikishaji wa awali ulipanda kutoka watoto milioni 1 na ushei mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2016. Kwa kuwa kiwango rasmi ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, idadi hiyo ingehitaji walimu wasiopungua 60,000. Badala yake, katika shule za serikali mwalimu mmoja mwenye sifa alibebeshwa wastani wa watoto zaidi ya 100. Serikali iliyofungua milango kwa kiasi hicho ingeonekana, kwa kipimo cha asilimia, kana kwamba haikufanya lolote, kwa sababu mishahara haikuongezeka kwa kasi ya watoto. Je, huo ni uzembe au ni upanuzi? Asilimia haiwezi kujibu.

Kenya inaonyesha kasoro ya upande wa pili. Kaunti zimeajiri walimu wengi ambao hapo awali walilipwa na wazazi, lakini kwa mikataba na ujira ulio chini ya ule wa walimu wa Tume ya Huduma za Walimu, mwajiri wa kitaifa, na mgogoro kuhusu nani awaajiri haujaisha. Isitoshe, chekechea ya Kenya ni miaka miwili, yaani PP1 na PP2, hali Tanzania hulazimisha mmoja. Asilimia inayolingana ingeficha tofauti hiyo yote.

Watetezi wa kipimo cha asilimia husema kwamba ni rahisi kukidai bungeni, na hilo ni kweli. Hata hivyo, urahisi huo huwanufaisha zaidi mawaziri wa fedha, ambao wanaweza kuifikia asilimia 10 kwa kubadili vichwa vya kasma bila kuongeza mwalimu hata mmoja. Matumizi ya mshahara kwa kila mtoto, yakisomwa pamoja na idadi ya watoto kwa kila mwalimu, yangeonyesha kwamba nchi moja imenunua walimu wachache kwa ujira wa mtumishi wa umma na nyingine walimu wengi kwa ujira mdogo. Yamkini jumla zao zikakaribiana. Ili hesabu hiyo ifanyike, TAMISEMI, ofisi ya Tanzania inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, italazimika kumwandika mwalimu wa awali kwa kasma yake, na kaunti zitenganishe chekechea na ufundi katika taarifa zao za kila robo mwaka.